Sura ya Tatu: Tisa Zisizokwisha

Wanafunzi wa faraidhi wanalijua suala hili. Mwanamume amefariki na kuacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumni, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Mabinti wawili wana theluthi mbili. Baba ana sudusi, na mama ana sudusi. Ukizileta sehemu zote kwenye asili moja, yaani 24, mke anapata mafungu 3, mabinti 16, baba 4 na mama 4, jumla 27. Mali ina mafungu 24, wenye haki wanadai 27. Madhehebu manne ya Kisunni, yakiwamo ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki, hulitatua kwa aul: asili hupandishwa kutoka 24 hadi 27, kila mrithi akabaki na idadi yake ya mafungu, na upungufu ukawagusa wote kwa kadiri ya haki zao. Suala hili huitwa la mimbari, kwani husimuliwa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa akiwa juu ya mimbari, naye akajibu papo hapo kwamba thumni ya mke imekuwa tusui. Hesabu yake ni sahihi, maana 3 katika 27 ni 1 katika 9.

Sasa tuziandike haki hizo kwa desimali, kama kikokotoo kingezionyesha endapo kioo chake kingekuwa kirefu bila mwisho. Mke ana 0.111111..., mabinti wana 0.592592..., baba ana 0.148148... na mama vilevile. Nukta tatu za mwisho zinasema kwamba mpangilio unaendelea hivyo hivyo bila kukoma. Zijumlishe tarakimu tatu tatu: 111 na 592 na 148 na 148 ni 999. Kundi la pili nalo ni 999, la tatu ni 999, na hakuna kundi litakaloleta kitu kingine. Jumla ya haki zote, basi, ni 0.999999... na kuendelea. Kwa njia ya sehemu tulipata 27 juu ya 27, yaani mali yote. Kwa njia ya desimali tumepata sifuri, nukta, na tisa zisizokwisha. Mali ni ile ile, warithi ni wale wale. Je, imegawiwa yote, au kuna chembe iliyobaki? Anayesema kwamba 0.999... ni pungufu ya 1, hata kwa kiasi kidogo namna gani, analazimika kutuambia chembe hiyo ni ya nani, kwa kuwa mirathi hii ina watu watano tu na kila mmoja ameshapewa haki yake kamili.

Swali hili huwasumbua watu wengi wenye fikra nzuri, na huwasumbua kwa sababu ya msingi. Macho yanaona sifuri kabla ya nukta, na akili inakataa kwamba kitu kinachoanza na sifuri kinaweza kuwa kizima. Walimu wengi hulimaliza kwa kusema ni “karibu sawa na 1”, na hapo ndipo kosa linapopata makazi. Ninachokitetea katika sura hii ni kwamba kutokwisha kwa desimali ni sifa ya maandishi yetu, si sifa ya kiasi kinachoandikwa. Tusui ya mali ni kiasi kilichotulia, chenye mahali pake pamoja tu kwenye mstari wa namba. Hakikui, hakisogei, wala hakingoji tumalize kukiandika. Kisichokwisha ni jaribio letu la kukieleza kwa sehemu za kumi, za mia, za elfu na kuendelea. Anayelishika hili vizuri ataona kwamba 0.999... ni sawa na 1 bila kiinimacho chochote, na ataona pia kwamba ukosefu wa mwisho katika hisabati ni jambo linaloweza kushughulikiwa kwa kanuni fupi zenye mwisho.

Ushahidi wa kwanza unatoka kwenye kazi ambayo kila mtoto wa shule ya msingi ameifanya, nayo ni kugawanya kwa mkono. Gawanya 1 kwa 7. Kwenye 10, 7 inaingia mara 1, baki 3. Kwenye 30 inaingia mara 4, baki 2. Kwenye 20 mara 2, baki 6. Kwenye 60 mara 8, baki 4. Kwenye 40 mara 5, baki 5. Kwenye 50 mara 7, baki 1. Na 1 ndiyo tuliyoanza nayo, kwa hiyo kila kilichotokea kitatokea tena kwa mpangilio ule ule: 0.142857142857... bila mwisho. Hapakuwa na njia ya kulikwepa jambo hili. Unapogawanya kwa 7, baki haliwezi kuwa jingine ila 0, 1, 2, 3, 4, 5 au 6. Likiwa 0, kazi imekwisha. Lisipokuwa 0, yamebaki mabaki sita tu ya kuzungukia, na lazima moja lirudi. Kwa 17 mabaki yanayowezekana ni 16, na kweli mzunguko wa 1 kwa 17 una tarakimu 16: 0588235294117647. Kwa 13 mabaki ni 12, lakini mzunguko unatosheka na tarakimu sita. Carl Friedrich Gauss aliichambua mizunguko hii kwa kina katika kitabu chake kikuu cha nadharia ya namba cha mwaka 1801, na aliyoyakuta humo yanafungamana na sifa nzito za namba tasa. Kwa hoja yetu yatosha kuona kwamba mkia usiokwisha wa 1 kwa 7 unatawaliwa na mabaki sita. Ukiulizwa tarakimu ya milioni moja baada ya nukta, huhitaji kuandika tarakimu milioni moja: gawanya milioni moja kwa 6, baki ni 4, na tarakimu ya nne ya mzunguko ni 8. Jibu ni 8, na tumelijua bila kufika huko.

Ushahidi wa pili ni kwamba kiasi kile kile hukoma au hujirudia kutegemea namba tuliyochagua kuhesabia. Kwa makumi, sehemu iliyorahisishwa hukoma pale tu asili yake inapojengwa kwa 2 na 5 peke yake, kwa kuwa 10 yenyewe ni 2 mara 5. Ndiyo maana thumni ni 0.125 na imekwisha, ilhali theluthi, sudusi na tusui hazikomi kamwe. Wababeli wa kale walihesabu kwa sitini. Kwao theluthi ilikuwa 20 katika 60, basi, kama tunavyosema hadi leo kwamba theluthi ya saa ni dakika 20. Lakini 7 iliwashinda hata wao, na majedwali yao ya kawaida ya kugawanyia huiruka namba hiyo. Kompyuta huhesabu kwa mbili, na kwa hiyo hata moja ya kumi, ambayo kwetu ni 0.1 safi, kwayo ni mkia usiokwisha.

Jambo hilo lilileta msiba. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, mtambo wa Marekani wa kuzuia makombora uliokuwa Dhahran, Saudi Arabia, ulishindwa kulifuatilia kombora la Iraki, na wanajeshi 28 wakauawa. Uchunguzi ulionyesha kwamba saa ya mtambo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na programu ilizigeuza kuwa sekunde kwa kuzidisha na moja ya kumi iliyokatwa ili ienee kwenye nafasi 24 za kumbukumbu. Kosa la kila hatua lilikuwa kama 0.000000095, lakini mtambo ulikuwa umewaka kwa zaidi ya saa 100 mfululizo, na kosa likafikia karibu theluthi ya sekunde, muda ambao kombora hupita zaidi ya nusu kilomita. Moja ya kumi haikuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kukata maandishi yake kisha kuendelea kama vile yaliyokatwa na yaliyo kamili ni kitu kimoja.

Tofauti hiyo kati ya desimali iliyokatwa na desimali kamili ndiyo inayojibu pingamizi la kwanza na lenye nguvu kuliko yote. Mpinzani husema: ukiandika 0.9 umepungukiwa na sehemu moja ya kumi, ukiandika 0.99 umepungukiwa na moja ya mia, ukiandika tisa milioni moja bado umepungukiwa na kitu. Kila hatua ina upungufu, basi upungufu haupotei. Maneno yake yote ni kweli isipokuwa la mwisho. Tuchukue ile mirathi na tuseme mali ni shilingi 27,000,000. Karani akikata haki zote kwenye tarakimu tatu, jumla ni 0.999 na zinabaki shilingi 27,000 zisizo na mwenyewe. Akikata kwenye tarakimu sita, zinabaki shilingi 27. Akikata kwenye tarakimu tisa, kinachobaki hakifiki senti tatu. Kila mahali anapokata kuna masazo, na masazo hayo yametokana na kukata. Lakini 0.999... haikukatwa popote. Si 0.9, si 0.99, wala si moja ya hizo milioni. Ni namba nyingine, iliyo kubwa kuliko zote hizo, na sifa ya kila mmoja katika msururu hailazimiki kuwa sifa ya kile ambacho msururu mzima unakielekea. Mpinzani amethibitisha kwamba kila karani anayekata anaacha masazo. Kuhusu mali isiyokatwa hajasema lolote bado.

Tumtake basi atuonyeshe upungufu huo. Kama 0.999... ni ndogo kuliko 1, kuna tofauti kati yake, na tofauti hiyo ni kiasi fulani kikubwa kuliko sifuri. Kiwe kidogo atakavyo. Archimedes, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, alikuwa akitegemea kanuni ambayo mwenyewe aliinasibisha na Eudoxus: kiasi chochote kilicho zaidi ya sifuri, ukikirudia mara za kutosha, hatimaye kitapita kiasi chochote kingine ulichokitaja. Kwa lugha ya desimali, hakuna kiasi kilicho kidogo hata kikawa chini ya moja ya kumi, na ya mia, na ya elfu, na ya milioni, na ya kila namba ya namna hiyo kwa pamoja. Lakini tofauti kati ya 0.999... na 1 ingelazimika kuwa hivyo hasa: ndogo kuliko moja ya kumi, kwa kuwa tisa ya kwanza ipo, ndogo kuliko moja ya mia, kwa kuwa ya pili ipo, na hivyo hivyo bila kukoma. Kiasi cha namna hiyo ni kimoja tu, nacho ni sifuri. Au muulize mpinzani jambo jepesi zaidi. Namba mbili zilizo tofauti daima zina namba katikati yake. Zijumlishe, ugawe kwa mbili, utaipata. Namba iliyo katikati ya 0.999... na 1 inaandikwaje? Ikianza na 1 imeshafika. Ikianza na 0 itahitaji mahali fulani tarakimu iliyo zaidi ya 9, na tarakimu hiyo haipo.

Wapo wanaolileta pingamizi hili kwa sura ya safari: tisa zinatembea kuelekea 1 na hazifiki. Ni sauti ya zamani sana. Zeno wa Elea, katika karne ya tano kabla ya Kristo, alijenga mafumbo yake maarufu juu ya msafiri anayelazimika kumaliza nusu, kisha nusu ya iliyobaki, kisha nusu tena. Aristotle akayajibu kwa kutenganisha kisicho na mwisho kama uwezekano wa kuendelea na kisicho na mwisho kama kitu kilichokamilika, akakikubali cha kwanza na kukikataa cha pili. Alikuwa na hekima ya kutahadhari, na kwa karne nyingi tahadhari hiyo iliwaepusha wengi na upuuzi. Hata hivyo, kwa desimali safari ni taswira inayopotosha. Namba haisafiri. Tunaoandika ndio tunaochukua muda, tarakimu moja baada ya nyingine, nasi tutachoka kabla ya kumaliza. Lakini tarakimu za 1 kwa 7 zimepangwa zote tangu sehemu hiyo ilipotajwa, na ndiyo maana tuliweza kuitaja ya milioni moja bila kupita kwenye nyingine. Simon Stevin, mhandisi aliyechapisha kijitabu chake cha desimali mwaka 1585 kwa ajili ya wapimaji na wafanyabiashara, na kabla yake Jamshid al-Kashi wa Samarkand na al-Uqlidisi wa Damascus aliyeandika mwaka 952, walizitumia desimali kama zana ya kukaribia kiasi kwa usahihi unaotakiwa. Kwa kazi zao ilitosha. Kwa swali letu haitoshi, kwa sababu tunataka kujua kinachokaribiwa ni nini.

Kuna uthibitisho mfupi unaopendwa sana madarasani. Iite 0.999... kuwa x. Basi 10x ni 9.999..., na ukitoa x kutoka 10x mikia inafutana, inabaki 9x ni 9, hivyo x ni 1. Mwanafunzi makini atanung'unika, na nadhani ana haki. Nani ametuhakikishia kwamba kitu chenye mkia usiokwisha kinaweza kuzidishwa na kutolewa kama namba za kawaida? Tujaribu ujanja huo huo upande wa pili. Chukua namba yenye tisa zisizokwisha kwenda kushoto, ...999, uiite y. Ukiizidisha kwa 10 inakuwa ...9990. Toa ya pili kutoka ya kwanza: inabaki 9. Basi hasi 9y ni 9, na y ni hasi 1. Tisa zilizorundikana bila mwisho zimezaa namba iliyo chini ya sifuri! Kuna tawi la hisabati lililoanzishwa na Kurt Hensel mwaka 1897 ambamo majibu ya namna hii yana maana kamili, ila humo umbali kati ya namba hupimwa kwa njia tofauti kabisa. Kwenye mstari wa namba tuliouzoea jibu hilo halikubaliki. Guido Grandi, mtawa na mwalimu wa Pisa, alikutana na tatizo la jamii hiyo mwaka 1703 alipotazama 1 kutoa 1 kujumlisha 1 kutoa 1 bila mwisho: ukizifunga mbili mbili unapata 0, ukiiacha ya kwanza peke yake na kuzifunga zinazofuata unapata 1, na ukitumia aljebra ya haraka unapata nusu. Uthibitisho wa x, kwa hiyo, si wa uongo, lakini unadai kwanza tujue kwamba x ipo.

Deni hilo lililipwa katika karne ya 19. Bernard Bolzano wa Prague mwaka 1817, na Augustin-Louis Cauchy wa Paris katika kitabu chake cha mwaka 1821, waliacha kuuliza nini kinatokea “mwishoni” mwa kitu kisicho na mwisho, wakauliza swali linalojibika. Kanuni waliyoifikia, kama inavyosemwa leo, ni mkataba wa watu wawili. Wewe utaje upungufu wowote, mdogo upendavyo. Mimi nikuonyeshe hatua ambayo kuanzia hapo kila jumla iko karibu na namba niliyoitaja kuliko huo upungufu wako, na hakuna hata moja itakayotoka tena nje. Nikiweza kukujibu kila unapotaja, namba hiyo ndiyo kikomo cha mfuatano, na desimali isiyokwisha ni jina la kikomo chake. Ukitaja moja ya bilioni, nitakujibu kwamba kuanzia tisa ya kumi umepitwa. Ukitaja kidogo zaidi, nitakutajia hatua ya mbele zaidi. Kwa 1 mkataba unatimia daima. Kwa namba nyingine yoyote unavunjika. Jumla za Grandi hazitimizi mkataba kwa namba yoyote, kwa kuwa zinaruka kati ya 1 na 0 milele, na tisa za kwenda kushoto zinakimbia kila kiasi unachokitaja. Hivyo ndivyo tunavyojua ni mkia upi tuuamini. Katika maelezo yote hayo hakuna hata neno moja linalohitaji mtu kumaliza kitu kisicho na mwisho. Kila swali lina mwisho na kila jibu lina mwisho. Kwangu hayo ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya akili ya binadamu, na inasikitisha kwamba wengi wanaondoka shuleni bila kuyasikia.

Hapo mpinzani mstahimilivu hubadilisha msimamo: kama ni fasili tu, basi mmekubaliana, na mngeweza kukubaliana vingine. Ni pingamizi la haki. Abraham Robinson, kuanzia mwaka 1961, alionyesha kwamba inawezekana kujenga mfumo wa namba ambamo vipo viasi vilivyo zaidi ya sifuri lakini vidogo kuliko kila moja ya kumi, ya mia, ya elfu na kuendelea. Mfumo huo ni halali na una matumizi. Lakini tazama unachokipata humo. Tisa zikisimama kwenye nafasi fulani, hata nafasi hiyo iwe mbali kupita kila namba ya kuhesabia, jumla ni pungufu ya 1, sawasawa na yule karani aliyekata. Tisa zikijaza nafasi zote za mfumo huo bila kubakiza, jumla ni 1 vilevile. Aliyetamani pengo amelipata kwa kukata tena, mbali zaidi. Na kwenye namba halisi, zile tunazopimia mashamba, muda na mirathi, hiari yetu ni ndogo sana. Ukikubali kwamba 1 kwa 9 ni 0.111... na kwamba tusui tisa ni kitu kizima, umeshakubali jibu. Ukilikataa, itakubidi ukatae kwamba theluthi ina desimali yoyote, nawe utakuwa umelipa gharama kubwa ili kuulinda mwonekano wa sifuri moja.

Linalobaki ni ugeni wa namba moja kuwa na maandishi mawili. Ugeni huu ni mdogo kuliko unavyodhaniwa, kwa kuwa nusu ni 1 juu ya 2, ni 12 juu ya 24, ni 0.5, ni asilimia 50, na hakuna anayelalamika. Kwa desimali tunazoongeza ni 0.4999... tu. Jambo hili halizipati namba zote: huzipata zile tu ambazo desimali yake hukoma, kila moja ikiwa na jina la pili linaloishia kwa tisa, isipokuwa sifuri. Theluthi ina jina moja. Wala si jambo la kupuuzwa, maana lina kazi katika hoja nzito zaidi. Georg Cantor alithibitisha mwaka 1874, na kwa njia nyingine mwaka 1891, kwamba namba halisi haziwezi kupangwa zote kwenye orodha, hata orodha yenyewe ikiwa haina mwisho. Katika umbo la uthibitisho huo linalofundishwa leo, orodha yoyote ya desimali hutumika kuunda desimali mpya inayotofautiana na ya kwanza kwenye tarakimu ya kwanza, na ya pili kwenye ya pili, na kuendelea. Anayesahau kwamba 0.5 na 0.4999... ni namba moja anaweza kuunda desimali “mpya” ambayo kumbe imo orodhani kwa jina lake lingine. Ndiyo maana mwandishi mwangalifu huepuka 0 na 9 anapounda desimali hiyo.

Cantor pia anatuonyesha mpaka wa yale tuliyoyazungumza. Kila desimali inayojirudia ni sehemu: 0.148148... ni 148 juu ya 999, na ukirahisisha ni 4 juu ya 27, fungu la baba katika suala la mimbari. Kila sehemu, kwa hoja ya mabaki, hukoma au hujirudia. Kwa hiyo kipeuo cha pili cha 2, ambacho Wagiriki wa kale walithibitisha kwamba si sehemu, na uwiano wa mzingo wa duara kwa kipenyo chake, ambao Johann Lambert aliuthibitisha hivyo katika miaka ya 1760, vina desimali zisizokwisha na zisizojirudia kamwe. Hata hizo ni majina ya vikomo, kwa mkataba ule ule. Tofauti ni kwamba hakuna mzunguko mfupi wa kutuambia tarakimu ya milioni moja ni ipi. Itabidi tuikokotoe kwa njia nyingine. Sehemu zote zinaweza kuorodheshwa, hizi haziwezi, na kwa maana hiyo namba nyingi zaidi kwenye mstari hazijirudii.

Mwalimu wa hisabati anayeisoma sura hii namwomba jambo moja. Ukiandika ubaoni kwamba theluthi ni 0.333 bila nukta za kuendelea, weka alama ya kukaribia, na uwaonyeshe wanafunzi masazo ni kiasi gani. Ukiandika 0.333... pamoja na nukta zake, weka alama ya sawa na, na mwanafunzi akikuuliza kama kweli ni sawa kabisa, mjibu kwamba ni sawa kabisa, kisha mpe nafasi ya kuutafuta upungufu mwenyewe.